Kandambili Inamtoka Mguuni Bila Yeye Kujua

Shikamoo Daktari,

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Tabora mjini. Mume wangu ana umri wa miaka 41. Kazi yake ni kununua asali kwa warinaji wa huko Sikonge na kuileta mjini kwa baiskeli, na msimu wa mvua tunalima karanga. Wiki tano zilizopita aliinama kunyanyua ndoo ya lita 20 iliyojaa asali, akajigeuza ili aiweke kwenye keria ya baiskeli, na hapo hapo akasikia kitu kimeachia kiunoni. Siku tatu za kwanza alishindwa hata kujigeuza kitandani.

Sasa kiuno kimepoa kidogo, lakini maumivu yamehamia mguu wa kushoto. Yanaanzia takoni, yanashuka nyuma ya paja, yanapita pembeni mwa ugoko, na yanaishia juu ya wayo hadi kwenye kidole gumba. Akikohoa au akipiga chafya anasema ni kama amepigwa na umeme. Kidole chenyewe kina ganzi, na mara nyingine kandambili ya mguu huo humtoka akitembea, wala hajui mpaka watoto wamwambie.

Tulikwenda hospitali moja, akapigwa picha, tukaambiwa mifupa yote ni mizima, akapewa vidonge vya maumivu. Kwa kuwa picha haikuonyesha kitu, ndugu wa mume wangu wanasema ugonjwa huu si wa hospitali. Mama mkwe wangu, ambaye namheshimu sana, anasema ni mshipa umehama, na amempata mzee mmoja anayetibu kwa kumkanyaga mgonjwa mgongoni. Wamekubaliana aje Jumamosi. Mimi naogopa, lakini hata hospitali naiogopa, kwa sababu jirani yetu alianguka kutoka mtini alipokuwa akitundika mzinga, akapelekwa hospitali, akachomwa sindano ya mgongo, na tangu siku hizo hajasimama tena.

Naomba unieleze. Inawezekanaje kiuno kiumie, halafu kinachouma kiwe kidole cha mguu? Kwa nini picha haikuona kitu? Je, nikubali mume wangu akanyagwe? Na ni kweli kwamba sindano au upasuaji wa mgongo humpoozesha mtu?

Mama wa Watatu, Tabora

Marahaba, mama, na poleni sana nyumbani.

Nimeisoma barua yako mara mbili, na kilichonishtua kuliko yote ni hiyo kandambili. Maumivu makali ya mguu hutisha, lakini kwa wagonjwa wengi hupungua kadiri wiki zinavyopita. Kandambili kumtoka mtu bila yeye kujua ni jambo zito zaidi. Ili ibaki mguuni, kidole gumba na misuli inayoinua wayo lazima vifanye kazi kila hatua, na ngozi ya kidole lazima ipeleke habari kwamba mkanda bado upo mahali pake. Kwa mumeo inaelekea kazi zote mbili zimepungua, yaani ile ya kuhisi na ile ya kuamuru. Kwa hiyo, kabla sijajibu swali hata moja, naomba apelekwe kupimwa tena ndani ya siku hizi mbili tatu, na hiyo Jumamosi asikanyagwe. Sababu ni hizi.

Uti wa mgongo wa mtu mzima una mifupa 26: pingili 7 za shingo, 12 za kifua ambazo mbavu hujishikiza kwake, 5 za kiuno, kisha sakramu, ambayo ni mfupa mmoja mpana uliotokana na pingili 5 zilizoungana, na mwisho kabisa kifandugu. Kila pingili ina tundu upande wa nyuma, na pingili zinapokaa moja juu ya nyingine matundu hayo hufanya mfereji mmoja mrefu. Ndani ya mfereji huo hupita ugwe wa mgongo, kamba laini ya mishipa ya fahamu itokayo kwenye ubongo, yenye urefu wa sentimita 45 hivi na unene usiozidi kidole kidogo cha mkono. Katika mazungumzo yetu ya kila siku mifupa na ugwe vyote tunaviita uti wa mgongo, na hapo ndipo mkanganyiko wa kwanza unapoanzia, kwa sababu mfupa unaweza kuwa mzima huku kilichomo ndani yake, au kilicho kando yake, kimeumia.

Kutoka kwenye ugwe huchomoza jozi 31 za neva, yaani mishipa ya fahamu, kila jozi ikitoa neva moja kulia na moja kushoto. Kila neva huanza kwa mizizi miwili: wa nyuma huleta habari za maumivu, joto na mguso kutoka mwilini, na wa mbele hupeleka amri kwenye misuli. Tofauti hiyo ilithibitishwa na Mfaransa François Magendie mwaka 1822, baada ya Mskoti Charles Bell kuanza kuitafuta miaka kadhaa nyuma. Mizizi hiyo miwili huungana karibu na tundu la kutokea, hivyo neva ikibanwa mahali hapo mgonjwa hupata vyote viwili, ganzi na udhaifu, kama ulivyoeleza kuhusu mumeo.

Wewe ni mtu wa Tabora, basi fikiria reli. Pale stesheni njia hugawanyika, moja ikaenda Mwanza na nyingine Kigoma, na hiyo ya Kigoma ikifika Kaliua hutoa tawi la kwenda Mpanda. Daraja la tawi hilo likisombwa na maji karibu na Kaliua, watakaokosa mizigo ni watu wa Mpanda, na watu wa Mwanza hawatakuwa na habari. Fundi akipelekwa kukagua stesheni ya Mpanda hataona kasoro yoyote. Lakini mtu anayeijua ramani ya reli, akiambiwa tu ni mji gani umekosa mizigo, anaweza kukisia daraja lililoharibika bila kutoka alipo. Kidole cha mumeo ndiyo Mpanda. Ubongo umezoea maisha yote kwamba habari zinazoletwa na neva ile zimetoka kidoleni, hivyo neva ikisumbuliwa kiunoni, ubongo bado huhesabu kwamba kinachouma ni kidole.

Ramani hiyo madaktari wanayo, na ndiyo maana maelezo yako ya njia ya maumivu yana thamani kubwa kuliko unavyodhani. Maumivu yanayopita pembeni mwa ugoko na kuishia juu ya wayo hadi kidole gumba, pamoja na udhaifu wa kuinua kidole hicho, yanaelekeza kwenye neva ya tano ya kiuno. Kama yangeishia kwenye kidole kidogo na ukingo wa nje wa wayo, na kama mumeo angeshindwa kusimama kwa ncha za vidole, ningeifikiria neva ya kwanza ya sakramu. Zote mbili hujiunga na nyingine kutengeneza neva kubwa ya mguu iitwayo siatiki, ambayo ndiyo nene kuliko zote mwilini na hupita takoni kwenda nyuma ya paja. Mnaweza kupima wenyewe leo jioni: mwambie atembee hatua kumi kwa visigino, vidole vikiwa juu, kisha uweke kidole chako juu ya kidole gumba chake na umwombe akiinue ukikizuia. Linganisha mguu wa kushoto na wa kulia, mkumbuke mlichokiona, kwani daktari atawauliza.

Sasa ni nini kilichoachia siku ile? Kati ya pingili na pingili, kuanzia ya pili ya shingo hadi sakramu, kuna diski, nazo kwa jumla ni 23. Diski ina kiini laini chenye maji mengi, na kiini hicho kimezungushiwa ukuta wa nyuzi zilizopangwa tabaka kwa tabaka, kila tabaka likikingamana na lililo jirani yake, mfano wa ukili unavyosukwa. Ukuta huo huvumilia sana uzito unaoshuka wima. Usichokivumilia ni mtu kuinama na kujigeuza kwa wakati mmoja akiwa na mzigo mbali na kiwiliwili, kwa sababu hapo sehemu ya nyuma ya ukuta huvutwa na kupotoshwa pamoja. Asali nayo ni nzito kuliko maji: ndoo ya lita 20 ya maji ina kilo 20, na ya asali hufika kilo 28. Inaelekea ukuta wa diski iliyo kati ya pingili ya nne na ya tano ulichanika, kiini kikajitokeza kwa nyuma pembeni, na hapo hapo ndipo neva ya tano inapopita ikishuka kwenda kwenye tundu lake. Kiini hicho huibana neva na pia huichokoza ivimbe, na kila anapokohoa au kupiga chafya shinikizo ndani ya mfereji hupanda ghafla, ndipo anapohisi umeme.

Picha ya eksirei haikudanganya. Eksirei huonyesha mifupa, na mifupa ya mumeo ni mizima. Diski na neva hazionekani kwenye picha ya namna hiyo. Kinachozionyesha ni kipimo cha MRI, ambacho hakipo kila mahali na si kila mgonjwa anakihitaji siku ya kwanza. Aliyewaambia kwamba mifupa ni mizima alisema kweli, ila alipaswa kuongeza sentensi moja ya kuwaeleza kwamba ugonjwa unaweza kuwa kwenye kitu ambacho picha haikioni. Kukosa sentensi hiyo kumewafanya wakwe zako waamini kwamba hospitali haina neno juu ya ugonjwa huu, nami siwalaumu.

Wala mama mkwe wako simbezi. Maumivu haya ya mguu yamejulikana na waganga wa kila taifa tangu zamani, lakini ilikuwa mwaka 1934 tu ambapo madaktari wawili wa Boston, William Mixter na Joseph Barr, walichapisha maelezo yaliyowafanya wenzao wakubali kwamba mara nyingi chanzo chake ni diski ya kiunoni. Yeye amesema ni mshipa, na kwa kweli ni mshipa, ila neno hilo kwetu limebeba vitu vingi mno: mshipa wa damu, mshipa wa fahamu, kano, hata ngiri. Mshipa wa fahamu wa mumeo haujahama. Upo mahali pake, ila umebanwa ukutani, na kumkanyaga mtu mgongoni hakuupi nafasi. Uzito wa mtu mzima ukishuka juu ya diski iliyochanika unaweza kusukuma kipande kingine kitoke, na kwa mgonjwa ambaye nguvu za kidole zimeshapungua hatari hiyo haifai kujaribiwa.

Kuna sababu nyingine ya kukataa, ambayo naiandika kwa ajili ya wasomaji wote wa mkoa huo. Kifua kikuu huweza kuingia kwenye pingili na kuzilainisha. Daktari wa Uingereza Percivall Pott aliandika juu ya ugonjwa huo mwaka 1779, na hadi leo tunaupata. Mgonjwa wake huumwa mgongo polepole kwa wiki au miezi, hata akiwa amelala, hukonda, hupata homa za jioni na jasho la usiku, na baadaye huweza kuota kibyongo. Ugonjwa unaotokana na kunywa maziwa mabichi, uitwao brusela, nao huleta homa pamoja na maumivu ya kiuno. Yote mawili hutibiwa kwa dawa, na dawa za kifua kikuu hutolewa bure. Lakini pingili iliyolainika ikikanyagwa huweza kuporomoka juu ya ugwe, na hapo mtu aliyeingia akitembea hutoka akibebwa. Mumeo hana dalili hizo kwa ulivyoandika, ila daktari amuulize.

Naomba sasa unisikilize kwa makini, maana hapa wanaume wengi hunyamaza kwa aibu. Ugwe wa mgongo hauendi mpaka chini. Kwa mtu mzima huishia kwenye pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno, na kutoka hapo kushuka mfereji umejaa mizizi ya neva iliyoning'inia pamoja, ambayo madaktari huiita mkia wa farasi. Kati ya mizizi hiyo imo inayotawala kibofu, haja kubwa na nguvu za kiume. Diski ikitoka kwa wingi huibana yote kwa pamoja. Mwulize mumeo wewe mwenyewe, usiku mkiwa wawili, kama anahisi ganzi sehemu zile zinazogusa tandiko la baiskeli, kama mkojo unakataa kutoka au unatoka wenyewe, kama hawezi kuzuia choo, na kama mguu wa kulia nao umeanza kulegea. Akijibu ndiyo hata kwa moja, mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane, na mkifika mtaje dalili hiyo kabla ya nyingine zote. Kibofu kilichopoteza neva zake kwa muda mrefu mara nyingi hakirudi.

Kuhusu jirani yenu, siwezi kutoa hukumu juu ya mtu nisiyempima, lakini kuanguka kutoka mtini peke yake kunatosha kuvunja pingili na kuuponda ugwe. Ugwe ukiharibika hauponi kama neva za mguuni zinavyoweza kupona. Sindano ya mgongo hudungwa chini ya pingili ya tatu au ya nne ya kiuno, kwa makusudi, kwa sababu hapo ugwe umeshakwisha na mizizi inayoelea majini huikwepa ncha ya sindano. Nyinyi mnaoishi na watundika mizinga mjue pia kwamba aliyeanguka hapaswi kunyanyuliwa kwa mikono na miguu, wala kupakiwa kwenye bodaboda katikati ya watu wawili. Abingirishwe kama gogo, kichwa na kiuno vikienda pamoja, alazwe juu ya ubao au mlango, na abebwe hivyo hivyo. Pingili iliyovunjika bila kuugusa ugwe huweza kuugusa njiani.

Upasuaji wa diski ya kiuno hufanyika chini ya mwisho wa ugwe, kwa hiyo hofu ya kupooza miguu yote miwili ni kubwa kuliko hatari yenyewe, ingawa hakuna upasuaji usio na hatari kabisa. Hata hivyo wagonjwa wengi hawaufikii. Kwa walio wengi maumivu ya mguu hupungua sana ndani ya wiki 6 hadi 12, kwa sababu mwili hukichukulia kipande cha diski kilichotoka kama kitu kigeni na hukila kidogo kidogo hadi kisinyae. Upasuaji hufikiriwa pale ambapo udhaifu unaongezeka, ambapo mkia wa farasi umebanwa, au ambapo miezi imepita bila nafuu. Kwenu safari huanzia hospitali ya rufaa ya mkoa, yaani Kitete, na ikibidi mtaandikiwa rufaa ya hospitali ya kanda, au ya Taasisi ya Mifupa Muhimbili huko Dar es Salaam.

Wakati huu asilale kitandani mchana kutwa. Misuli ya kiuno hudhoofika upesi, na diski isiyo na mishipa ya damu ya kutosha hujilisha kwa kubanwa na kuachiwa tunapotembea. Atembee mwendo mfupi mara nyingi kwa siku, asikae muda mrefu, na baiskeli aiache kwa sasa. Akilala chali, mto uwekwe chini ya magoti. Akilala ubavu, uwe kati ya magoti. Mtaalamu wa fiziotherapia huenda akamfundisha kulala kifudifudi na kuinua kifua kwa viwiko. Akifanya zoezi lolote, mfuatilie njia ya maumivu: yakitoka kidoleni yakapanda gotini, kisha takoni, ni dalili njema hata kama kiuno chenyewe kinauma zaidi, yakizidi kushuka, aliache zoezi hilo.

Dawa za maumivu kama diklofenaki zina msaada wake, lakini zikimezwa mfululizo bila usimamizi huumiza tumbo na figo, na asichanganye aina mbili. Asiende kuchomwa sindano za takoni ovyo kwenye maduka ya dawa, kwani sindano ikidungwa mahali pasipo pake huweza kuijeruhi siatiki yenyewe, na mtakuwa na majeraha mawili kwenye neva moja. Vitamini za B humsaidia aliyepungukiwa nazo, lakini haziondoi diski iliyotoka.

Mama mkwe mpe kazi yake, asijione amefukuzwa: kitambaa cha moto kiunoni, na kuchua misuli kwa mafuta, taratibu, kwa viganja, bila kubonyeza mfupa. Mwambie kwamba daktari amekubali kuwa ni mshipa, na kwamba ameomba usikanyagwe. Atakaporudi kazini, asali ipakiwe kwenye madumu ya lita 5, ayanyanyue kwa magoti yakiwa yamekunjwa, dumu likiwa karibu na tumbo, na ageuke kwa kuhamisha miguu.

Mkifika kwa daktari, mwombe aandike kwenye karatasi nguvu ya kidole gumba cha kushoto siku hiyo ni ngapi kati ya 5, kwa kipimo kinachotumiwa hospitalini, na karatasi hiyo uitunze wewe. Ikiwa baada ya wiki mbili namba imepanda, endeleeni na mazoezi. Ikiwa imeshuka, hata kama maumivu yamepungua, rudini siku hiyo hiyo na muombe rufaa.